Insulini ya Vijidudu

Juzi kwenye duka la dawa hapa Nakuru, jamaa aliyevaa tai alimleta mamake kutoka Keringet. Sukari ilikuwa imempanda mama, na daktari alimwandikia insulini mpya. Muuza dawa akawaeleza kwamba vijidudu vya hamira huunda protini hiyo, kisha wanakemia hubandika mafuta juu yake ili ikae mwilini muda mrefu.

Jamaa akairudisha chupa kwa vidole viwili. "Boss, mathe hawezi dungwa vijidudu na kemikali. Sisi tunatumia vitu natural."

Mama akainua kibuyu chake cha mursik, maziwa ya kuchachushwa. "Hii maziwa iligandishwa na maombi? Na mkaa nilisugua ndani si kemikali? Leta dawa."

Jamaa akapiga funda la soda yake ya kijani. Anayejua shamba inakolimwa soda hiyo anijulishe.