Mbwa wa Kabiro na Juala Mbili

Harufu ya udongo uliotoka kulowa hunirudisha bafuni kwa shangazi, mtaani Kabiro, nikiwa na miaka minane, nikijisugua mkono unaovuja damu huku nikihesabu hadi saba. Nikikumbuka, nakasirika upya.

Kwetu mtaani Makina mbwa alikuwa na somo moja tu. Habuba, nyanya yangu, alitufunza kwamba mate yake ni najisi. Yakikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Somo hilo nililijua vizuri kuliko hesabu za shuleni. Kuhusu meno hakuna aliyetuambia neno. Watu wazima wote wale, jamani, na hakuna hata mmoja!

Likizo moja nikapelekwa kwa shangazi kule Kabiro, Kawangware, nikakuta mbwa wa landilodi amezaa chini ya ngazi. Watoto wake walikuwa hawajafungua macho. Nilitamani kumshika mmoja hadi nikakosa hamu ya kula. Binamu yangu Zaituni, aliyenizidi mwaka mmoja na ujuaji wa miaka kumi, akaleta juala mbili, ile mifuko ya plastiki ya dukani.

“Vaa hizi kwa mikono. Si hapo hujagusa mbwa?”

Ilituingia akilini sote wawili. Nikainama, juala zikichakacha, nikamwinua mmoja. Mama yake hakuwa na habari na juala. Meno yake yalinipata chini ya kiwiko.

Niliosha mara saba, udongo nikauingiza hadi ndani ya kidonda, nikavaa rinda la mikono mirefu na kunyamaza. Kwangu mambo yalikuwa yamekwisha.

Siku ya tatu, nimesharudi Makina, Habuba aliniona nikitawadha.

“Wewe, mbona unaosha mkono mmoja?”

Aliukunja mkono wa rinda mwenyewe, akaona uvimbe. Tulikwenda zahanati mbio, mahamri yake akayaacha yakiungua. Nesi aliuliza niliumwa lini. Nikamjibu, tena kwa fahari, kwamba nilishaosha mara saba.

Akaweka kalamu chini. “Nyanya, kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa. Huyu angeletwa siku hiyo hiyo.”

Habuba hakunigombeza. “Nilikufunza kuosha,” alisema. “Sikukufunza kuniambia.”

Nilidungwa sindano kwa wiki kadhaa, na kila mara yeye pia alilia. Nilidhani ananihurumia uchungu. Nilimwelewa nilipopata watoto wangu: alikuwa akiziwaza zile siku tatu nilizokuwa safi kabisa, na pengine nakufa.