Sufuria ya Tarehe Tatu Oktoba

Kila tarehe tatu Oktoba, popote maisha yalipomtupa, Désiré alichemsha karoti, vitunguu na viazi, akaviponda pamoja. Mwaka huu wa 1998 alivipondea katika fleti yake ya mtaa wa Umbilo, ugenini kusini mwa Afrika, akiwa ametoka zamu ya ulinzi kiwandani, eneo la Jacobs.

Yvette, jirani yake msusi, alichungulia sufuria. "Papa Laurette, iko mugonjwa humu? Hii ni chakula ya mutu hana meno!"

"Ni chakula ya Leiden. Uiheshimu, mama."

Leiden, mji wa kale wa Waholanzi, ndiko alikosomea ujanani. Bado aliiona mifereji yake kati ya nyumba za matofali, baiskeli zikiegemea madaraja. Asubuhi moja ya 1974, mji ukitimiza miaka mia nne tangu uokoke katika mzingiro wa Wahispania, yeye kijana wa Bukavu alipanga foleni na wenyeji, akapewa mkate mweupe na samaki wa chumvi. Ndivyo walivyolishwa wenye njaa siku ya ukombozi. Na karoti zile, husimuliwa, zilikutwa ndani ya sufuria aliyoiacha adui alipokimbia. Siku hiyo Désiré alicheka: njaa ya miaka mia nne, bado wanaikumbuka?

Sasa hakucheka. Binti yake Laurette alikuwa amefika wiki mbili zilizopita, baada ya miaka miwili ya kutangatanga, tangu vita viwatenganishe. Hajala mezani hata mara moja. Huchukua sahani akajifungia chumbani, na mkate huuficha sandukuni chini ya kitanda. Désiré aliuona akifagia. Akaurudisha kama alivyoukuta.

Leo alitenga sahani tatu, akafungua samaki wa kopo, akamsimulia Yvette habari za mzingiro kwa sauti kubwa, uso ameuelekeza kwenye mlango wa chumbani. Alipofika kwenye mkate, akajipiga paji la uso.

"Eish! Nimesahau kununua!"

Yvette akainuka aende dukani.

"Mukate iko." Laurette alisimama mlangoni, nusu mkate mkononi. "Imekauka kidogo, Papa."

"Hata ule wa Leiden ulikuwa mgumu," alidanganya Désiré, akamvutia kiti.

"Kata basi," alisema Yvette, "meno tunayo."

Laurette akaketi, akakata vipande vinne. Vitatu akavigawa. Cha nne alikitia mfukoni, na baba yake akajifanya anatafuta chumvi.