Siku Niliyopata Kiberiti

Ndugu zangu, mimi ni mwongo. Wanawake wenzangu kanisani walinichagua niwaongoze katika sala, na mpaka leo wananiita mama wa maombi, lakini kuna jambo nililomfanyia jirani yangu ambalo sijamwambia hata mume wangu. Nimechoka kulibeba.

Ilikuwa huku kwetu Chonyonyo, miaka ile baada ya vita, vitu vilipoadimika madukani. Sabuni hakuna, chumvi ya kutafuta, kiberiti ndiyo usiseme. Kwa hiyo moto tuliombana. Ukiona moshi unatoka kwa jirani, unachukua kigae chako unakwenda kuomba kaa.

Moto wangu ulikuwa kwa Bibi Veneranda, ng'ambo ya migomba yetu. Alikuwa mjane, alikuja kutoka Rwanda akiwa msichana, hakujaliwa mtoto wala hakuwa na ndugu karibu. Jiko lake halikuzimika. Usiku alifukia makaa kwenye majivu, na asubuhi mimi huyo mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ingia uchukue, moto si wangu, ni wa Mungu."

Tunaongea kidogo, narudi kwangu.

Msimu mmoja wa kahawa mume wangu akarudi kutoka Bugene na kiberiti kizima. Kesho yake nikawasha moto wangu mwenyewe, nikajiona mwanamke wa maana.

Nilipotoka kuanika kahawa nikatupa jicho ng'ambo. Hakuna moshi. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Hapo hapo kitu kikaniambia moyoni: nenda kwa bibi. Sikusikia sauti, ila lile neno nililijua kama ninavyoijua njaa. Sasa, mikeka ilikuwa imejaa kahawa, lori la kuichukua lilikuwa linakuja kesho yake, na wingu lilishaanza kujikusanya. Nikasema nitakwenda baadaye.

Mume wangu akaniuliza, "Leo huendi kwa bibi?"

"Kufanya nini? Moto si ninao?"

Nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujizaba kofi.

Mchana mbuzi wa bibi akaanza kulia, bado amefungwa ndani. Nilimsikia vizuri tu. Nikajidanganya kwamba bibi amekwenda kliniki, huku nikijua hawezi kumwacha mbuzi na njaa. Manyunyu yakaja, nikaanua kahawa. Jua likatoka, nikaanika tena. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alasiri nikanawa miguu nikaenda kanisani kuongoza sala za wanawake. Somo nililowaandalia lilikuwa kumsikiliza Mungu. Ndiyo, hilo hilo.

Nilipofumba macho niombe, nikamwona Bibi Veneranda. Nikafumba zaidi. Uso wake ukazidi kuja. Mnajua nilifanya nini, jamani? Nikamkemea shetani anayenivurugia maombi! Wenzangu wakaitikia amina kwa nguvu.

Wakati wa kurudi, mbuzi alikuwa amekaukiwa sauti. Ndipo nikaingia kwa bibi.

Bibi alikuwa chini karibu na jiko, nyonga imevunjika, majivu yamepoa kabisa. Alianguka alfajiri alipokuwa anakwenda kufukua moto, akashinda pale siku nzima bila hata tone la maji. Alipotambua ni mimi, akasema taratibu, "Sikuogopa, mwanangu. Nilijua utakuja kuchukua moto."

Sikuwa na pa kuweka uso wangu. Nikampa maji, akanywa, akanitazama kwa huruma. "Ulikuwa unaumwa, waitu, mwanangu?"

Nikasema, "Ndiyo, bibi. Homa."

Neno hilo lilinitoka tu, na likishatoka halikurudi tena.

Wanaume wakambeba kwa machela hadi hospitali. Alirudi, lakini hakutembea tena. Ikawa sasa mimi ndiye ninayempelekea moto kila asubuhi, na watu wakanisifu. Padri mwenyewe alinitaja kanisani kama mfano wa jirani mwema. Nilitazama chini, wakadhani ni unyenyekevu.

Nilitaka kumwambia bibi ukweli, Mungu ni shahidi. Nilikuwa naondoka kwangu nimeyapanga maneno. Lakini kabla sijaweka kigae chini, ananiita kitandani, anapapasa paji la uso wangu. "Ile homa haijarudi?" Halafu anafumba macho ananiombea. Yeye ndiye aliyevunjika, na kila siku ananiombea mimi niliye mzima, nisipatwe tena na ugonjwa ambao sikuwahi kuupata. Na mimi naitikia amina!

Alikufa msimu wa kahawa uliofuata, bila kuujua ukweli. Nilikuwa muoga hadi mwisho.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu amekujia moyoni tangu asubuhi, acha unachofanya umwendee. Usimngojee akuite, huenda hawezi. Na usiseme kazi zimekubana, maana kazi haziishi. Kahawa yangu ilikauka vizuri siku ile, lori lilikuja likaichukua, na leo siwezi kukumbuka hata tulinunua nini.

Kitu kimoja tu nimalizie. Huku kwetu malaria haimwachi mtu. Nyumbani kwangu wote wanaugua kwa zamu, mume na watoto. Mimi, tangu bibi azikwe, homa haijanigusa. Wenzangu kanisani wanasema ni imani yangu, na mimi naitikia amina.