Karatasi ya Taa ya Madam

Mimi kalamu naishika kama mwiko, na Mubin wa chama chetu hapa Dubai anajua. Bado amening'ang'ania: "Bi Shifaa, tuandikie habari za Metrine, tutume kwenye simu za wanachama." Kwani yeye hana mikono? Haya, naandika. Atakayecheka herufi zangu aje apike yeye.

Metrine ni mtu wa Vihiga. Ana miaka saba nyumbani kwa madam, ghorofa ya ishirini na sita, Jumeirah Lake Towers. Yeye husafisha, mimi hupika. Akipiga deki huimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kuamsha jengo. Namwambia apunguze, hajapunguza hata siku moja. Huniita kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwao, na uzee sijamwambia ninao.

Taa aliikuta. Ni ya mezani, kioo cheupe kama maziwa, imekaa kama uyoga. Babake madam aliinunua Italia kabla madam hajazaliwa. Madam alituhadithia kwamba bwana mmoja aliichora Milano, kisha mafundi wa kisiwa cha Murano wakaipuliza kwa bomba, kichwa na shina pamoja, bila kiungo.

Nikamuuliza, "Aliyepuliza anaitwa nani?"

Madam akacheka. Hajui. Jina kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni ni la kiwanda. Mtu amalize mapafu yake mbele ya moto, na jina asiandikwe!

Kando ya ile karatasi kuna tone la hewa, dogo kama ufuta, limebaki ndani ya kioo. Metrine aliligundua akifuta vumbi. "Kukhu, njoo uone. Hapa fundi alikohoa."

Sasa hiyo karatasi. Ilikuwa imegeuka njano, pembe zimenyanyuka, uchafu umeganda. Kwetu Kibokoni, Mombasa, chombo chenye karatasi ya dukani hakiwekwi mbele ya mgeni, ni aibu ya mwenye nyumba. Mwaka jana, kabla ya Idi, nilimwambia Metrine aitoe. Akasita.

"Madam je?"

"Madam nini? Anapenda uchafu? Maji moto na ndimu, yalla, upesi."

Akaibandua. Taa ikang'aa, nami nikajisifu. Upande ule ulikuwa umegeukia ukutani, madam hakuona kitu.

Mwezi huu madam akataka kuiuza. Akaja mnunuzi wa vitu vya kale, amevaa glavu kama daktari, akaizungusha.

"Karatasi iko wapi?"

Metrine akaitwa. Akajibu kwa fahari, maskini, "Niliitoa mimi, madam. Ilikuwa chafu."

Mnunuzi akasema taa za bandia ni nyingi siku hizi, bila karatasi hawezi kujua. Madam akamgeukia Metrine. "Umenibadilishia taa? Ya babangu umeiuza wapi?"

Metrine akamwonyesha lile tone la hewa. Madam hakuwahi kuliona, maana miaka yote hajaifuta. "Tangu lini unaijua taa yangu kuliko mimi?"

Mimi nilikuwa mlangoni na kikaango mkononi. Nikajifanya nakifuta. Metrine alinitazama mara moja, hakunitaja.

Jikoni nikamwambia, "Ungesema ni mimi."

"Tufukuzwe wawili, kukhu? Madam atakula nini?" Akacheka, kisha akalia.

Tangu juzi, alipofukuzwa, yuko mtaa wa Discovery Gardens, kitanda cha kuazima kwa mwenzetu Dorah. Alhamisi visa yake inafutwa, na madam anataja polisi.

Bado nasema karatasi chafu ni chafu. Lakini Metrine si mwizi. Jana nilimwendea madam nikamwambia ni mimi niliyeamuru. "Kwa hiyo mko wawili," akanijibu. Mnunuzi peke yake ndiye aliyesema la maana: ipatikane picha ya zamani, karatasi na tone vikionekana pamoja, yeye ataijua kama ni ileile.

Basi sikilizeni. Metrine alipotimiza arobaini, karatasi ikiwa bado ipo na madam yuko safarini, mlijaa pale sebuleni. Everlyn, Onesmus, Jamiru, msijifanye. Mlipiga picha na kila kitu cha madam, na taa mkaipakata kwa zamu kama mtoto mchanga, mpaka nikawapigia kelele. Najua mnaogopa madam asije akajua mlikalia viti vyake. Mwambieni mimi ndiye niliyewafungulia mlango, ni kweli. Fungueni simu zenu sasa hivi, itafuteni hiyo picha, mniletee kabla ya Alhamisi.