Sakafu za Kambi ya Kilimani

Mavi mabichi ya ng'ombe yakichanganywa na udongo mwekundu yana harufu ya majani yaliyotafunwa, nami nikiisikia hata leo viganja huanza kuniwasha. Kwetu, kati ya Handeni na Korogwe, ng'ombe walikuwa wa Wamasai. Wa kwetu walimalizwa na mbung'o. Mavi hayo tuliyafuata mwendo wa nusu siku, tukayabeba vichwani kwenye vikapu, na hayakusiribwa ovyo. Yalikuwa ya nyumba ya bibi harusi, au chumba atakacholala mkwe. Sakafu ikishakauka harufu inaondoka, inabaki laini kama ngozi ya ngoma, vumbi halipandi, funza hawakai. Kwa kazi hiyo mama yangu hakuwa na mpinzani. Najisifu, na nina haki.

Wakati wa Mjerumani kulikuwa na kambi ya vibanda sita juu ya kilima. Bwana mmoja mkubwa alikuja na mkewe na wageni wao kila kipupwe, kuwinda na kupumzika. Masika yote kambi ilikaa tupu, ikaliwa na mchwa na kulalwa na popo. Mvua zikikatika, sisi ndio tuliotolewa majumbani kuifufua: kufyeka, kuezeka upya, kufukuza nyoka, kusiriba. Mwaka ule jumbe wetu alikuja mahindi yakiwa mabichi shambani, wakati ambao nguruwe mwitu hawalali. Baba alikuwa amechukuliwa kwenye mkonge, Korogwe. Walinzi wa shamba tulikuwa mama, mimi, na ngoma iliyopasuka.

"Shemeji, nguruwe wataingia," mama alimwambia jumbe.

"Siku nne tu, Mama Mwanaidi. Sakafu zikiisha unarudi kwa nguruwe wako."

"Na zisipoisha utakuja kulinda wewe? Kwa tumbo hilo watakimbia."

Wanawake walicheka, hata jumbe mwenyewe. Lakini nyuma yake alisimama askari na kiboko, na kila aliyeweza kubeba kikapu alitakiwa. Tukaenda, mdogo wangu Mwajuma mgongoni kwa mama, shamba tukaliacha peke yake.

Mama ndiye aliyetoa shauri la mavi. Udongo mtupu utapasuka, alisema, na tutarudishwa. Tumpe Mzungu sakafu ya mkwe, atuachie mapema. Siku mbili tukabeba, mbili tukasiriba. Mama alitambaa kwa magoti kibanda hadi kibanda, akichora mawimbi kwa vidole. Siku ya nne, sakafu zikiwa bado mbichi, mke wa bwana akafika kukagua. Aliingiza mguu mmoja, akaziba pua kwa leso, akatoka mbio na kutapika kwenye nyasi tulizofyeka. Askari akatutafsiria: "Bibi anauliza nani kamgeuza ng'ombe." Mama akajibu, "Mwambie kesho haitanuka." Askari hakumwambia. Alimwamuru mama anyooshe mikono. Pigo la tano lilipasua viganja.

Tulichimbua kila sakafu kwa majembe, tukapandisha mchanga kutoka mtoni, siku tisa. Mama alibeba kama wengine, mikono imefungwa matambara. Tuliporudi, mabua yalikuwa yamelala chini, ardhi imefukuliwa kwa pua za nguruwe. Hakulia. Aliokota yaliyobaki, hayakujaza hata kikapu kimoja. Tukala viazi vya porini, vile vya kulowekwa siku tatu ndipo visiue. Maziwa ya mama yakakauka, na Mwajuma hakuziona mvua za vuli. Jumbe alikuja msibani akanyoosha mkono. Mama alimtazama tu. Vidole vya mama vilikuwa vimekakamaa tangu kiboko kile. Hakusiriba tena, hata nyumba yake mwenyewe. Niliisiriba mimi, nikachora mawimbi yake, naye alikaa mlangoni akinikosoa.

Sasa kambi ile ni mawe, mbuzi wanalala hapo. Mjukuu wangu amenijengea nyumba ya bati na kuimwagia saruji, Mungu ambariki, ila chumba changu nimemkatalia. Nakisiriba mwenyewe kila masika yakiisha, magoti yakilia. Juzi aliniambia, "Bibi, wageni wangu wanaziba pua." Nikamwambia wakae nje hadi kesho. Mama yangu aliomba siku moja tu ya jua, akanyimwa. Kwangu mimi watasubiri.