Dorcas na Darasa Lake la Kihispania

Kazi yangu ni kuziba sufuria. Nazunguka na begi la nyundo na vipande vya bati, leo Marereni, kesho Gongoni, kesho kutwa Barani kule Malindi. Ndivyo nilivyomjua Dorcas Mwaringa. Wiki tatu nilikaa barazani kwa shule moja ya kutwa pale Gongoni nikiziba masufuria ya jikoni, na nyuma ya dirisha lililokuwa mgongoni mwangu yeye alikuwa akifundisha Kihispania.

Kihispania, Gongoni! Hata mimi nilicheka siku ya kwanza.

Hakukitafuta. Alipomaliza shule aliomba ualimu wa Kiswahili, majibu yakaja kwamba amepewa ualimu wa Kihispania, chuo cha bara. Baba yake, kibarua wa chumvi, alifurahi akazunguka vibanda vya chai vyote: "Mwanangu atasema na wazungu wa Malindi!" Wazungu wa Malindi wanasema Kiitaliano. Dorcas alilijua hilo, lakini hakuwa na moyo wa kumwambia, na mzee amezikwa na furaha yake.

Miaka minne akasoma, na lugha akaipenda kwelikweli. Ilibaki jambo moja. Ili apewe shahada, sharti afundishe somo lake muhula mmoja, na mkaguzi wa chuo aje amwone akiwa mbele ya wanafunzi. Basi akashika barua yake akabisha hodi shule baada ya shule, kutoka Kilifi mpaka Marereni. Mwaka wa kwanza akakosa. Wa pili akakosa. Bi Shekha, mwalimu mkuu wa shule moja ya Malindi, alimkaribisha kahawa na tende.

"Mwanangu, ungekuwa na Kiitaliano ningekupa darasa kabla kahawa haijapoa. Hicho chako nitampa nani?"

Na wauza vinyago wa ufukweni, waliosikia habari zake, wakawa wanamwita kwa mbali, "Ciao, madamu! Hicho Kihispania kinaliwa na ugali?"

Mwaka wa tatu chuo kikamwandikia kwamba ndio wa mwisho, asipofundisha jina lake linafutwa. Hapo mwalimu Mwambire, mkuu wa ile shule ya Gongoni aliyemjua marehemu baba yake, akamwonea huruma. Akampa wanafunzi thelathini wa kidato cha pili, saa tisa alasiri, vipindi vingine vikiisha. Chuo kikakubali.

Karatasi kubwa za kubandika ukutani hakuwa nazo. Akachana magunia meupe ya mama yake, Jedida, yale anayofunikia chumvi, akaandika maneno yake kwa buluu ya kufulia iliyokorogwa na maji kidogo.

"Nakuazima, sikupi," mama akamwambia. "Wingu likitanda nayataka."

Siku ya mkaguzi, wingu likatanda.

Saa tisa kamili king'ora cha mashamba ya chumvi kikalia. Asiyekaa huku hajui. Kibarua hulipwa kwa chungu, lile lundo la chumvi aliyoikusanya, na mvua ikiipata kabla haijafunikwa, jasho lake limeyeyuka. Kikilia, nyumba nzima hukimbia. Msichana mmoja, Whitney, akainua mkono. "Mwalimu, mama yangu yuko peke yake kule." Akatoka. Kisha wawili. Kisha wote, mbio. Dorcas alisimama mlangoni na chaki mkononi, hakuwazuia. Angewazuiaje, naye amelelewa na chumvi hiyo hiyo?

Pikipiki ikamshusha mkaguzi getini. Dorcas akanijia dirishani.

"Tsawe," akaniita, kama wajukuu wanavyoita babu zao kwetu, "ingia uketi. Tafadhali."

Nikaingia na mikono yangu ya masizi, nikaketi dawati la mbele. Mkaguzi, Bwana Maina, akakaa nyuma na fomu yake. Na Dorcas akafundisha, wallahi, kama madawati yamejaa. Akageuka kila upande, akauliza, akangoja jibu. Akaniuliza mimi jina langu kwa Kihispania.

"Me llamo Fondo, maestra," nikasema. Wiki tatu dirishani si haba.

"Na huyu mzee?" Bwana Maina akauliza.

"Ni mwanafunzi wangu."

"Wa kidato gani?"

"Niliachia darasa la tatu, bwana," nikamjibu.

"Wengine wako wapi, mwalimu?"

"Kwenye chumvi."

"Wote?"

"Wote. Siku nyingine hata mimi ningekuwa huko."

Matone ya kwanza yakagonga bati. Mlangoni akasimama Jedida, leso imefungwa kiunoni, anahema.

"Hodi jamani, samahanini. Dorcas, magunia yangu."

"Mama, dakika kumi tu."

"Mvua itaningoja dakika kumi?"

Dorcas akaanza kuyabandua. Bwana Maina hakuwa mtu mbaya. Aliinuka akamfungulia kamba iliyoshika gunia la pembeni. Kisha akasema polepole, "Umefundisha vizuri. Lakini fomu inauliza idadi ya wanafunzi."

"Huwezi kurudi, bwana?"

"Kesho niko Voi. Alama zinafungwa Ijumaa."

Niliiona kalamu yake. Aliandika moja. Akanitazama mimi na masizi yangu, akaikata, akaandika sifuri.

Dorcas hakulia. Alichukua nusu ya magunia akamfuata mama yake mvuani.

Asubuhi nilipitia mashambani nikienda zangu Marereni. Mvua ilikuwa imeiosha ile buluu ya magunia ikashuka yote ndani ya chungu ya Jedida, na msimamizi alikuwa ameikataa, chumvi ya rangi hainunuliwi. Jedida alikuwa ameketi kando, hata mwanawe hamtazami. Dorcas alikuwa na reki, akiikwangua chumvi ya buluu na kuirudisha majini.

"Umeamkaje, mwalimu?" nikamwamkia.

"Usiniite hivyo, tsawe," akasema, na reki haikusimama.