Mchoro wa Ufuko wa Kwetu

Mama alikuwa amekataa kurudi Kongo mara tatu, nami nilishachoka kumbembeleza. Ng'ambo ya ziwa palikuwa pametulia, wenzetu walikuwa wakivuka mmoja mmoja, na sikutaka kumwacha peke yake huku Zambia, katika kambi ya wakimbizi ya Mantapala, na shamba lake la mihogo. Maneno yalipogonga mwamba, nikaamua kutumia picha.

Picha yenyewe ilikuwa ukutani, katika nyumba ya wageni pale Nchelenge ninapolala nikija kununua chisense, wale samaki wadogo wa kukausha. Ni mchoro wa karne ya kumi na tisa. Mzungu fulani alipita akachora ufuko wa kwetu: mti mkubwa kushoto na kibanda chini yake, maji katikati, milima nyuma. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alinieleza kwamba enzi hizo msafiri aliyerudi bila michoro alihesabiwa hajafika. Michoro ilichapwa vitabuni, watu wa Ulaya wakaitazama baada ya chakula, wakasifu ukimya wa nchi, na baadhi yao wakafunga mizigo waje kuichukua. Ndiyo maana, alisema, wachoraji hawakupenda kujaza watu. Sikuona ubaya, hata mimi wateja hunichosha. Nikaomba nakala.

Mama aliisogeza karatasi karibu na pua. Aliitambua milima yote, akanisahihisha nilipokosea jina la mmoja. Nikajua nimeshinda, nikaanza kupanga boti moyoni. Kisha akauliza watu wako wapi. Nikampa ile habari ya ukimya. Alinitazama kama anavyomtazama muuza chumvi yenye mchanga. Basi nikasema labda walikuwa mashambani.

Kidole chake kilikuwa kimesimama kando ya kibanda, kwenye moshi mwembamba ambao mimi, kwa siku nne za kuitazama picha ile, sikuwa nimeuona.

“Nani anaenda ku shamba anaacha moto inawaka?” alisema. “Bale batu beko mu matete. Balimuona ule muzungu anakuya.”

Niliona haya. Siku tuliyokimbia vita kwetu, mimi na yeye tulilala ndani ya matete tangu asubuhi hadi jua lilipozama, kiganja chake kimeniziba mdomo, nami nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Kama kuna aliyepita ufukoni kwetu siku hiyo, aliona nchi nzuri, tulivu, isiyo na mtu.

Sijamwomba tena.